Spika za Bei ya Kutupa Kando ya Barabara ya Ngong: Uchambuzi wa Kisa cha Kwaya Moja ya Nairobi

Usuli

Kisa hiki kinahusu kwaya ya kanisa dogo lililo upande wa magharibi wa Nairobi, yenye waimbaji wapatao 30, wengi wao watu wa kipato cha kawaida: mafundi, wauza mboga, walinzi na walimu wachache wa shule ya msingi. Majina na mahali pa kanisa vimeondolewa, na baadhi ya siku na viwango vya pesa vimebadilishwa kidogo ili asitambulike mtu. Aliyenunua nitamwita mweka hazina na aliyeongoza kamati nitamwita mwenyekiti, kwa kuwa hizo ndizo nafasi walizoshika. Mimi niliitwa baadaye kwa sababu nafundisha ufundi wa mitambo ya sauti, na wote wawili wameridhia kisa chao kiandikwe ili kiwafae wengine.

Kwa muda mrefu kwaya ilikuwa ikiazima spika kutoka kanisa jirani kila ilipokuwa na shughuli kubwa, na kila mara hapakukosekana maneno: zimerudishwa zikiwa zimechelewa, waya umepotea, kipaza sauti kimeangushwa. Ndipo waimbaji wakaamua kuchanga wanunue zao. Waliulizia bei Luthuli Avenue, mtaa ambao mkazi yeyote wa Nairobi anayetafuta redio, amplifaya au waya wa spika huelekezwa, wakapewa hesabu ya Sh118,000 kwa spika mbili zenye amplifaya ndani yake, pamoja na stendi na nyaya. Michango ilikuwa imefika Sh64,000, na Pasaka ilikuwa imekaribia.

Pesa hizo zilikuwa kwenye laini ya M-Pesa ya mweka hazina. Tangu huduma hiyo ilipoanza mwaka 2007, vikundi vingi vidogo nchini vimezoea kuifanya simu ya mtu mmoja anayeaminika kuwa ndiyo hazina ya kikundi, na kwa mweka hazina huyu hapakuwa na shaka: ni mzee wa makamo, mwenye rekodi safi, aliyestaafu baada ya miaka mingi ya ukarani wa stoo katika kiwanda kimoja Industrial Area. Naomba msomaji aukumbuke ukarani huo, kwa kuwa ndio uliomfanya aiamini hadithi aliyoletewa.

Yaliyotokea

Siku ya Ijumaa alasiri mweka hazina alisimama katika kituo cha mafuta kando ya Barabara ya Ngong ili ajaze upepo. Van nyeupe ikaegeshwa karibu naye, wakashuka vijana wawili waliovaa jaketi za kung'aa za kazini, kila mmoja akiwa na kadi ya plastiki inayoning'inia shingoni. Mmoja alimsogelea kwa adabu.

"Mzee, samahani kidogo. Hamna haja ya spika huko kwenu, hata kanisani?"

Alipouliza wao ni wauzaji wa wapi, walikana kabisa kuwa wauzaji. Walisema ni mafundi, kwamba wametoka kufunga mitambo katika hoteli moja Westlands, na kwamba stoo iliwapakilia jozi sita badala ya nne. "Tukizirudisha zitaishia kwa karani wa stoo," kijana alisema. "Heri zikusaidie wewe, nasi tupate ya chakula."

Mweka hazina aliniambia kwamba hapo alicheka, kwa sababu katika maisha yake ya kazi alikuwa ameshuhudia makosa ya upakiaji ya namna hiyo hiyo. Hakumeza maneno tu. Aliuliza swali ambalo karani wa stoo angeliuliza: hati ya mzigo iko wapi? Wakampa. Hati ilikuwa na mhuri, tarehe ya siku hiyo, na idadi ya jozi nne, wakati ndani ya van yeye mwenyewe aliona jozi mbili zikiwa bado kwenye makatoni. Hesabu ilikubali. Pamoja na hati hiyo walimwonyesha ankara ya Sh185,000 kwa jozi moja na kijarida cha karatasi nzito inayong'aa, kisha wakafungua kwenye simu tovuti yenye picha za spika zile zile na bei ya dola iliyokaribiana na ile ya ankara. Jina la spika lilitofautiana kwa herufi moja na jina la kampuni inayojulikana duniani kote.

Walimwambia ainue moja, akaona ni nzito kweli kweli. Wakaiunganisha na betri ya gari kupitia kibadilisha umeme na kupiga wimbo wa injili wenye sauti ya mwanamke na gitaa, kwa muda usiozidi dakika mbili, huku matatu zikipita na kupiga honi barabarani. Sauti ilikuwa safi ya kutosha. Bei ilianzia Sh95,000. Mweka hazina alitaja Sh40,000, wakashika vichwa, wakateremka hadi 70, kisha 60, na simu ya mmoja wao ikalia, akajibu kwa sauti ya juu kwamba wako njiani, bosi asiwe na wasiwasi. Wakakubaliana Sh55,000.

Kabla ya kulipa mweka hazina alisema anataka kumpigia mwenyekiti, ambaye ni muuguzi na wakati huo alikuwa zamu. Simu ya kwanza haikupokelewa. Alipotaka kupiga ya pili kijana alimwambia maneno ambayo nayaona kuwa kiini cha kisa hiki chote: "Mzee, ukipigia watu wengi hii maneno itafika ofisini, na sisi tutapoteza kazi." Mweka hazina akarudisha simu mfukoni. Walisema pia hawawezi kupokea M-Pesa kwa sababu ofisi huona miamala yao, hivyo wakaandamana naye hadi kwa wakala wa jirani. Alitoa kitambulisho, akaandikwa kwenye daftari, akatia sahihi, akahesabiwa noti zake. Kijana alimsubiri nje. Katika biashara yote hiyo, mtu pekee aliyeacha jina lake mahali popote alikuwa mnunuzi.

Jumamosi kwaya ilifanya mazoezi kwa shangwe. Kinanda na vipaza sauti viwili vilipounganishwa, sauti ilianza kukwaruza hata kabla ya kupandishwa, na noti za chini za kinanda hazikusikika kabisa; wakadhani ni mipangilio tu. Jumapili, wakati wa wimbo wa pili, harufu ya plastiki inayoungua ilijaa mbele ya madhabahu na spika ya kushoto ikanyamaza. Waimbaji walimaliza ibada kwa sauti zao wenyewe.

Jumanne mweka hazina alizipeleka Luthuli Avenue peke yake, bila kumwambia mtu. Fundi aliigonga moja kwa kidole, akasoma lebo ya nyuma, akamwambia hana cha kutengeneza hapo. Bado hakusema. Aliieleza kamati kwamba kuna waya uliolegea na kwamba fundi anautafutia kipuri. Alhamisi ya wiki iliyofuata, mwenyekiti alipomwomba risiti ili aiweke kwenye faili, ndipo akaeleza yote, akiongeza kwamba atauza kiwanja chake kidogo cha shamba arudishe pesa na jambo liishe bila kelele.

Kilichokuwa ndani ya sanduku

Tulizifungua mbele ya kamati nzima, na ninashauri kamati yoyote ifanye hivyo, kwa sababu kuona kwa macho hukata mabishano. Sanduku lilikuwa la mbao za maranda yaliyoshindiliwa, nyembamba kiasi cha kupinda ukizibonyeza kwa kidole gumba. Uzito uliomvutia mweka hazina ulitoka kwenye kipande cha saruji kilichogandishwa kwa gundi kwenye sakafu ya sanduku na kufunikwa kwa kitambaa cheusi. Woofa, yaani spika ya sauti za chini, iliyoonekana kwa nje kuwa ya inchi 15 ilikuwa koni ya inchi 10 iliyozungushiwa fremu pana ya plastiki, na nyuma yake sumaku ndogo ilikuwa imevishwa kifuniko kikubwa cha plastiki kilichopakwa rangi ya fedha ili ionekane nene. Ile spika ya katikati, iliyong'aa kuliko zote, haikuwa na koili wala waya, ilikuwa pambo. Mgawanyo wa sauti za juu na za chini, ambao katika spika ya maana hufanywa na koili na kapasita zilizopimwa, hapa ulikuwa kapasita moja tu iliyolehemiwa kwenye waya wa tweeta, ile spika ndogo ya sauti za juu.

Jambo muhimu zaidi, hata hivyo, halikuwa ndani. Kwenye kijarida na upande wa mbele wa sanduku paliandikwa wati 2000. Nyuma, karibu na tundu la waya wa umeme, kulikuwa na kibandiko kidogo kisichosomwa na wengi, kilichosema kwamba kifaa hutumia volti 230, hezi 50, wati 45. Amplifaya haiumbi nguvu. Inaipokea kutoka ukutani, sehemu yake inapotea kama joto, na inayobaki ndiyo inayofika kwenye koni. Kifaa kinachovuta wati 45 hakiwezi kutoa wati 2000 za muziki unaoendelea, wala 200. Zile 2000 zilikuwa za kipimo kinachoitwa PMPO, ambacho hakina kanuni yoyote iliyokubaliwa, na kwa hiyo mtengenezaji huandika tarakimu anayoipenda.

Maamuzi ya kamati

Kamati ilikutana usiku huo huo, na mjadala ulikuwa mkali. Pendekezo la kwanza lilikuwa la mweka hazina mwenyewe, la kulipa kimya kimya; alikuwa tayari kufa na tai shingoni kuliko kusimama mbele ya watu. Pendekezo la pili lilitoka kwa mjumbe mmoja ambaye ana rafiki mwenye baa, kwamba spika ile moja inayolia bado iuzwe pamoja na mwenzake ikisharekebishwa, wapate angalau Sh30,000. Alisema kwa nia njema, akiwaza michango ya watu maskini. Mwenyekiti alikataa papo hapo. Aliuliza mwenye baa ataambiwa spika hizi ni za nini na zina nguvu kiasi gani, na hakuna aliyekuwa na jibu ambalo lingekuwa la kweli na bado likauza. Kifungu cha 313 cha Sheria ya Adhabu kinamwadhibu kwa kifungo cha hadi miaka mitatu mtu anayejipatia mali kwa udanganyifu, na kanisa lingeingia humo humo walimoingia wale vijana.

Waliamua mambo manne kwa pamoja. Spika, kijarida, ankara na hati ya mzigo vitunzwe kama vilivyo. Taarifa ipelekwe polisi asubuhi. Kanisa lote lielezwe Jumapili. Na mweka hazina asilazimishwe kulipa, kwa hoja kwamba hakujinufaisha na kwamba kamati yenyewe ndiyo iliyomwachia pesa zote peke yake. Uamuzi huo wa mwisho ulipita kwa tofauti ya kura moja.

Matokeo

Kituoni, afisa aliyekuwa mezani mwanzoni alisita. Alisema mnunuzi alikiona kitu, akakisikia kikilia, akapatana bei, na kwamba mtu akijuta baada ya kununua hilo si kosa la jinai. Mwenyekiti hakubishana, alimwekea ankara mezani. Juu palikuwa na jina la kampuni yenye dhima ya ukomo, lakini PIN ya KRA, yaani nambari ya mlipakodi ya Mamlaka ya Mapato, iliyochapishwa chini ya jina ilianza kwa herufi A, ambayo ni ya mtu binafsi. Ya kampuni huanza kwa P. Kodi ya VAT ilitajwa kuwa ya asilimia 16, na kiasi kilichoandikwa mbele yake kilikuwa Sh18,500 juu ya Sh185,000, yaani asilimia 10. Hapakuwa na msimbo wa QR ambao huwa kwenye ankara za eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA. Hati hiyo ilikuwa imetungwa, na kutunga hati ili kumfanya mtu atoe pesa si majuto ya mnunuzi. Taarifa iliandikwa na wakapewa nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi.

Pesa hazijarudi na hakuna aliyekamatwa. Mweka hazina alikumbuka herufi za mwanzo tu za nambari ya gari. Kituo cha mafuta kilikuwa na kamera, na msimamizi wake alishirikiana vizuri, lakini picha za siku ile zilikuwa zimeshafutwa na mpya zilizorekodiwa juu yake. Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000 na ambayo kwa kawaida ingelifaa sana mgogoro wa kiasi hiki, haikuwa na msaada, kwa kuwa huwezi kumshtaki mtu usiyeweza kumpelekea wito.

Jumapili jambo lilitangazwa kanisani. Baada ya ibada mzee mmoja alimvuta mwenyekiti kando akamwambia kwamba mwaka uliotangulia alinunua projekta kwa vijana wa van, kwa hadithi ile ile ya mzigo wa ziada, na kwamba tangu siku hiyo iko chini ya kitanda na mkewe hajui. Yeye pia aliandikisha taarifa wiki iliyofuata.

Uchambuzi

Wengi waliosikia kisa hiki walisema mweka hazina aliponzwa na tamaa. Nimezungumza naye mara kadhaa na sikubaliani nao. Hakuwa akitafuta faida yake. Alikuwa akitafuta kuziba pengo la Sh54,000 kabla ya Pasaka. Wala hakuwa mzembe: aliuliza hati, alipima uzito, alitaka kusikia sauti, alipigania bei. Tatizo ni kwamba kila alichokikagua kilikuwa kimetayarishwa na wauzaji wenyewe. Hati ilikuwa yao, tovuti ilikuwa yao, wimbo ulikuwa wao, na hata uzito ulikuwa wao. Hata bei aliyoipigania aliishusha kutoka kwenye tarakimu waliyoitunga wao, hivyo kila shilingi aliyoipunguza ilimwongezea uhakika kwamba ameshinda, ilhali kilichouzwa hakikuwa na thamani ya hata sehemu ndogo ya kiasi alicholipa.

Nguvu ya hila hii imo katika hadithi ya mzigo wa ziada, na inafaa kuichunguza kwa makini kwa sababu inafanya kazi zaidi ya moja. Inaeleza kwa nini kitu kizuri kinauzwa rahisi bila kukitia ila. Inaleta haraka, maana gari lazima lirudi ofisini. Lakini kazi yake kubwa ni kumfunga mnunuzi mdomo, kabla ya kulipa na baada ya kulipa. Kijana aliposema habari ikienea watapoteza kazi, alimfanya mzee wa watu awe mshirika wao katika siri, na mtu mwenye huruma huona vibaya kuvunja siri ya vijana wanaotafuta chakula. Baadaye, alipogundua kwamba spika ni za bandia, mweka hazina alijikuta hawezi kulalamika bila kwanza kukiri kwamba alikubali kununua kitu alichoambiwa hakijalipiwa. Aliniambia kwamba usiku wa Jumanne aliogopa polisi kuliko alivyowaogopa matapeli, na woga huo haukuwa wa bure: kifungu cha 322 cha Sheria ya Adhabu kinatoa adhabu ya hadi miaka 14 kwa anayepokea mali huku akijua au akiwa na sababu ya kuamini kwamba ni ya wizi.

Ukweli ni kwamba hapakuwa na mali ya wizi. Hila hii ilijulikana Marekani tangu miaka ya 1980, ikaenea Kanada, Uingereza, Australia na kwingineko, na kila mahali umbo lake ni moja: van, mara nyingi nyeupe, mafundi wa bandia, jina linalofanana na jina maarufu, bei ya uongo iliyochapishwa, na bidhaa zilizoundwa makusudi ziuzwe kwa njia hiyo. Hakuna stoo iliyopoteza chochote. Hata hivyo mnunuzi hawezi kuijua siri hiyo akiwa amesimama kando ya barabara, na hana haja ya kuijua. Hadithi anayopewa ikiwa ya kweli, anauziwa mali ya mwajiri wa watu bila idhini yake. Ikiwa ya uongo, anatapeliwa. Swali alilopaswa kujiuliza mweka hazina halikuwa kama vijana wanasema kweli, kwa kuwa kwa kila jibu ilimpasa kuondoka. Ujuzi wake wa stoo ulimsaidia kuuliza hati, lakini ulimsahaulisha kwamba karani anayeona mzigo umezidi huurudisha na kuandika.

Kuhusu ufundi, funzo kubwa ni kwamba wati hazikupaswa kuwa kipimo. Hata kama tarakimu za kijarida zingekuwa za kweli, kuongeza nguvu mara mbili huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua kwa kiasi kidogo. Kinachomfaa mnunuzi wa kanisa ni kusoma kibandiko cha nyuma, kuuliza nguvu ya kuendelea, yaani ile ya RMS, kisha kujaribu kwa kitu chake mwenyewe. Wimbo wa mwanamke na gitaa hauhitaji besi. Ndiyo maana ulichaguliwa. Kama spika ile ingelipewa noti za chini za kinanda kwa robo saa, ndani ya chumba kisicho na kelele, ingelijifichua yenyewe. Ukweli huo ulijitokeza Jumamosi ndani ya dakika za kwanza za mazoezi, lakini kwa kuwa pesa zilikuwa zimeshatoka, kila mmoja alitafuta sababu nyingine.

Upande wa kamati, naona mengi ya kusifu. Kuhifadhi vielelezo badala ya kuvitupa kwa hasira ndiko kulikobadilisha msimamo wa afisa wa polisi, na kukataa kuiuzia baa kulilinda jina la kanisa pale ambapo lingeweza kuchafuka kweli kweli. Kusema hadharani kulimtoa mafichoni mzee wa projekta, na sasa wachunguzi wana maelezo ya watu wawili yanayolingana katika mambo madogo, ikiwemo jina lililochapishwa kwenye makatoni yote mawili. Katiba ya 2010, katika ibara ya 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kupata taarifa anazohitaji ili anufaike nazo kikamilifu, lakini haki hiyo haiwezi kudaiwa na mtu aliyekificha kielelezo chake chini ya kitanda.

Hata hivyo sikupendezwa na namna tangazo lilivyofanywa. Mweka hazina aliombwa asimame mbele wakati kisa kikisomwa, na baadhi ya vijana wakacheka. Lengo lilikuwa uwazi, lakini mtu mwingine aliyekwishatapeliwa, akiona mwenzake anavyosimamishwa, anaweza kuamua kunyamaza milele. Kisa kingeweza kusomwa kikamilifu, pamoja na kiasi cha pesa na jinsi zilivyotoka, bila kumgeuza aliyedanganywa kuwa maonyesho.

Jambo lililoshindwa zaidi lilikuwa muda. Kati ya Jumapili spika iliponyamaza na siku taarifa ilipofika polisi zilipita zaidi ya siku kumi, na ndani ya siku hizo ndimo picha za kamera zilimofutwa, wakala akasahau sura, na nambari ya gari ikapotea kichwani. Pesa taslimu ziliondoa njia ya mwisho ya kumtambua muuzaji. Malipo kwa till ya duka, yaani nambari yake ya kupokea M-Pesa, au hata kwa nambari ya mtu yangeliacha jina lililosajiliwa, na wauzaji walilijua hilo ndiyo maana hawakuyataka. Muuzaji anayekataa M-Pesa jijini Nairobi kwa biashara ya Sh55,000 ana sababu, na mnunuzi anastahili kuijua kabla ya kutoa kitambulisho chake kwa wakala.

Miezi michache baadaye kwaya ilinunua spika moja badala ya mbili. Watu watatu walikwenda Luthuli Avenue na kinanda chao, wakakipiga humo dukani hadi muuzaji akawaomba wapunguze, wakasoma kibandiko cha nyuma na alama ya ISM ya Shirika la Viwango, inayowekwa kwenye bidhaa zilizoagizwa kutoka nje, wakalipa kwa till na kupewa risiti ya eTIMS. Michango iliyobaki imehamishiwa kwenye akaunti ya kikundi ambayo haitoi pesa bila sahihi mbili kati ya tatu zilizoandikishwa, na mweka hazina ni mmoja wa watia sahihi hao.